Dereva Asiyemtii Mwenye Gari

Mwezi Juni unapoelekea ukingoni, vibanda vya huduma za tarakilishi mjini Nyeri hufurika watu. Walipa kodi wana hadi tarehe 30 kuwasilisha taarifa zao za mapato kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, na wengi wao, wawe walimu kutoka Othaya, wakulima wa kahawa kutoka Mathira au wachuuzi wa soko la Karatina, hawana mashine nyumbani. Humwendea kijana wa kibandani, wakamtajia nambari zao, akawajazia fomu na kuwachapishia stakabadhi ya kuthibitisha kuwa wajibu umetekelezwa. Hali ni iyo hiyo Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru. Tangu huduma nyingi za serikali zihamie mtandaoni katika miaka ya 2010, kibanda chenye tarakilishi tatu na printa moja kimekuwa mlango wa serikali kwa mwananchi wa kawaida.

Sasa na ichukuliwe kwamba jioni ya siku ya mwisho, watu wakiwa wamepanga foleni hadi barabarani, printa inagoma. Taa mbili zinawakawaka kwa zamu. Kwenye kioo cha tarakilishi kunatokea kisanduku chenye maneno ya Kiingereza yanayoarifu kwamba sehemu fulani ya mashine imefikia mwisho wa maisha yake na kwamba mtumiaji awasiliane na mtengenezaji. Wino umejaa tangini. Karatasi zipo. Hakuna gurudumu lililovunjika wala waya uliokatika.

"Fundi, imekufa?" mama mmoja anauliza.

"Haijafa, Mama. Imefungwa."

Jibu hilo lina ukweli kuliko maelezo yote yaliyomo katika kisanduku. Mashine haikuharibika, imeamriwa isifanye kazi, na aliyeamuru siye aliyeinunua. Makala haya yanadai kwamba mazoea ya watengenezaji wa vifaa vya tarakilishi ya kupachika hila za namna hii katika programu zinazoambatana na vifaa vyao, kisha kuzitelekeza bila huduma wala maelezo, ni dhuluma kwa mnunuzi, na kwamba mzigo wa dhuluma hiyo huwalemea zaidi watu wa miji midogo walio mbali na wenye funguo.

Inafaa kueleza namna kufuli hilo linavyofanya kazi, kwa kuwa wengi hudhani ni uchakavu wa kawaida. Printa ya wino hujisafisha kwa kusukuma wino kidogo kupitia matundu membamba ya kichwa chake ili yasizibe. Wino huo mchafu humwagwa kwenye sifongo iliyoko chini ya mashine. Katika printa nyingi hakuna kifaa kinachopima iwapo sifongo hiyo imelowa. Kuna hesabu tu: kila mashine inapojisafisha, programu iliyo ndani yake huongeza nambari, na nambari ikifikia kiwango kilichowekwa kiwandani, kazi husimama. Sifongo inaweza kuwa imelowa chapachapa au ikawa na nafasi tele, hesabu haijui. Tena printa nyingi hujisafisha zinapowashwa. Katika miji ambako umeme hukatika na kurudi bila taarifa, hasa msimu wa mvua za masika, hesabu hukimbia kuliko alivyokusudia mhandisi aliyeketi mahali ambako umeme haukatiki.

Watengenezaji wana hoja yao, na haifai kupuuzwa. Wino ukifurika utachafua meza na pengine kuingia kwenye sehemu za umeme. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini inachodai ni kwamba mashine imwonye mwenyewe na kwamba sifongo ibadilishwe. Sifongo si kitu cha bei ghali, na fundi yeyote wa barabara ya Gakere anaweza kuibadilisha kwa bisibisi, au kuifua na kuianika juani akikosa nyingine. Asichoweza ni kuirudisha hesabu kwenye sifuri, kwa sababu programu ya kufanya hivyo haitolewi kwake. Ipo, ila ni ya mafundi walioidhinishwa, ambao aghalabu wako Nairobi, umbali wa kilomita 150 hivi. Kampuni ya Epson imewahi kuwapa wateja wake wa Amerika ya Kaskazini programu ya bure ya kuirudisha hesabu hiyo, mara moja tu kwa kila mashine. Chuka haimo katika Amerika ya Kaskazini.

Afanyeje basi fundi? Huingia mtandaoni kutafuta nakala iliyovuja ya programu ya kiwandani, au nyingine iliyotengenezwa na watu asiowajua wala kuweza kuwauliza. Ili nakala hiyo ikubali kufanya kazi, mara nyingi hulazimika kwanza kuizima programu ya kukinga virusi. Hapa ndipo penye hatari kubwa, nayo haizungumzwi. Tarakilishi hiyo iliyovuliwa kinga ndiyo iliyohifadhi nakala za vitambulisho vya watu, vyeti vya KCSE, nywila za iTax na barua za maombi ya mikopo ya elimu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na ni sawa imtake. Ila yule aliyemfanya afungue mlango usiku ili aifufue mashine aliyoinunua kwa pesa zake hatajwi popote katika kisa hiki. Mfungaji hana lawama, mfunguaji ndiye mshukiwa.

Mafundi wa miji ya Mlima Kenya huiita dereva programu inayounganisha kifaa na tarakilishi. Wanaistilahi wamependekeza kiendeshi na kiendeshaji, na kiendeshi hicho hicho kimetumiwa pia kwa maana ya sehemu ya kuhifadhia data, jambo ambalo limezua mkanganyiko usiokwisha. Katika hili yamkini fundi amemshinda mwanaistilahi. Dereva ni mtu wa kuajiriwa. Mwenye gari humkabidhi usukani alfajiri akitarajia kwamba gari litaenda linakotumwa na kwamba jioni italetwa hesabu ya siku. Dereva anayepakia mizigo ya mtu mwingine njiani, anayesimama anapojisikia, na anayetoweka na ufunguo siku aliyemleta anapohamia biashara nyingine, hakuna chama cha matatu kitakachomvumilia hata wiki moja, si Nyeri wala Nanyuki. Katika tarakilishi anavumiliwa kwa kuwa haonekani.

Tatizo lenyewe si la jana. Waliosoma katika vyuo vya eneo hili mwishoni mwa miaka ya 2000 watazikumbuka modemu za USB. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, lakini nyaya za kuupeleka mtandao huo hadi mlangoni mwa mtu hazikupanda mlimani siku hiyo hiyo. Aliyetaka intaneti Karatina au Kerugoya alinunua modemu ndogo ya kuchomeka. Modemu nyingi za wakati huo, Huawei E220 ikiwemo, zilikuwa na ujanja wa ajabu: zilipochomekwa hazikujitambulisha kuwa modemu. Zilijifanya diski ya CD, ili tarakilishi isome programu iliyofichwa ndani yake na kuisakinisha. Programu ilipokwisha kusakinishwa, ndipo dereva alipotoa amri ya siri, na ile "CD" ikageuka kuwa modemu.

Kwa mtumiaji wa Windows XP huo ulikuwa urahisi wa kupendeza, kwani hakuhitaji kutafuta CD ya kweli. Ni haki kukiri kwamba ujanja huu uliwafaa wengi, tena sana. Ubaya wake ulijitokeza baadaye. Mfumo endeshi ulipobadilika, programu ya zamani iliyofungiwa ndani ya modemu ingeweza kukataa kusakinika, na mwenyewe akabaki na CD isiyosomeka, ukubwa wa kiberiti. Hakuwa ameelezwa kwamba kilichokuwa kikifanya kazi ni hila, kwa hiyo hakujua ni kitu gani kilichoshindwa. Watumiaji wa Linux waliokolewa na programu ya kujitolea iitwayo USB_ModeSwitch, ambayo waandishi wake walilazimika kuchunguza modemu moja baada ya nyingine ili kugundua ile amri. Jitihada hiyo yote ingeepukika iwapo kila mtengenezaji angechapisha ukurasa mmoja wa maelezo.

Isidhaniwe kuwa haya ni manung'uniko ya watu wa mbali wasiozijua mashine. Septemba 2016 baadhi ya printa za HP zilianza kukataa katriji za kampuni nyingine kwa sababu ya amri iliyokuwa imepachikwa katika programu yake ya ndani, na Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 10 kwa kutowaeleza wateja ipasavyo kuhusu vizuizi vya aina hiyo. Baadhi ya vipakatalishi vya Lenovo viliuzwa kuanzia Septemba 2014 vikiwa na Superfish, programu iliyojipenyeza katika mawasiliano ya siri ya mtumiaji na tovuti ili kumwonyesha matangazo ya biashara. Ilifichuliwa Februari 2015. Mei 2017 kampuni ya Uswisi iitwayo modzero ilieleza kwamba dereva wa sauti wa Conexant, aliyewekwa katika aina kadhaa za vipakatalishi vya HP, alikuwa akiandika kila herufi iliyobonyezwa na kuihifadhi katika faili lisilo na ulinzi. Dereva wa sauti! Kazi yake ilikuwa kutega sikio kwa vibonye vichache maalumu, kama kile cha kuwasha na kuzima maikrofoni. Kipande cha majaribio cha wahandisi kikasahauliwa ndani yake, kikawa mpelelezi.

Kisa cha FTDI ndicho kinachostahili kutafakariwa zaidi, kwa kuwa humo aliyedhulumiwa kwanza ni mtengenezaji mwenyewe. Kampuni hiyo ya Uskoti hutengeneza vichipu vinavyowezesha vifaa vya aina nyingi kuongea na tarakilishi kupitia USB. Vichipu vyake vilighushiwa kwa wingi, na vile vya bandia vikawa vinatumia dereva wa FTDI bila kulipiwa chochote. Oktoba 2014 kampuni ilisambaza, kupitia masasisho ya Windows, dereva mpya ambaye alipokutana na kichipu bandia alikibadilisha nambari ya utambulisho ikawa sifuri. Tangu hapo tarakilishi haikukitambua tena, hata kikihamishiwa mashine nyingine. Zogo lilipozuka, dereva huyo aliondolewa.

Watetezi wa FTDI waliuliza swali zito: je, mtu alazimishwe kumhudumia mwizi wake? La, hasha. Lakini aliyeumizwa hakuwa mwizi. Mghushi alikwisha kulipwa na kwenda zake. Aliyeumia ni mtu wa mwisho katika mnyororo mrefu: mwanafunzi wa uhandisi wa Nyeri aliyenunua kebo ya bei ya chini kwa ajili ya mradi wake, au mwenye duka aliyeunganisha mizani na tarakilishi bila kujua kilichomo ndani ya plastiki. Hata muuzaji wa rejareja hangeweza kukitofautisha kichipu halisi na cha bandia kwa macho. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyika. Kampuni ilikuwa na njia halali ya kukataa: dereva asifanye kazi na kichipu bandia, aseme hivyo wazi, basi. Kukiharibu kifaa cha mtu usiku akiwa amelala ni jambo jingine kabisa, na lingefanywa na fundi wa kibandani angeitwa mhuni.

Kumbukumbu ya printa inafika mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman wa chuo cha MIT kule Marekani alitaka kuirekebisha programu ya printa mpya ya Xerox ili iwaarifu watumiaji karatasi zinapokwama, kama alivyokwisha kufanya kwa printa ya awali. Alinyimwa msimbo wake. Mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa nao alikuwa ametia saini ahadi ya kutoutoa. Stallman amekitaja kisa hicho kuwa miongoni mwa mambo yaliyomsukuma kutangaza mradi wa GNU mwaka 1983, ulioanzisha harakati za programu huru. Karatasi zilizokwama Cambridge ndizo zinazokwama Embu, na kilichobadilika ni kwamba siku hizi mashine ina uwezo wa kukwama kwa hiari yake.

Wapenzi wa Kiswahili nao wana sehemu yao katika lawama hizi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na kuthibitisha kwamba tarakilishi inaweza kuandikiwa Kiswahili kuanzia menyu hadi maagizo. Kampuni kubwa zilifuata. Ila kilichotafsiriwa kwa bidii ni vitufe: Fungua, Hifadhi, Chapisha, Ghairi. Masharti ya leseni, yale maelfu ya maneno ambayo dereva huyatanguliza kabla ya kusakinishwa, yamebaki katika Kiingereza cha mawakili. Mwenye kibanda wa Mweiga huombwa akubali kitu ambacho hata mwalimu wa Kiingereza wa shule jirani angekisoma kwa taabu. Anabonyeza, kwa kuwa wateja wanangoja. Kisha ridhaa hiyo ndiyo itakayotumiwa kumwambia kwamba alijua.

Istilahi zilizokwisha kuundwa ni nyingi, na nyingine ni nzuri. Pamoja na hayo, hakuna iliyozoeleka ya kutofautisha mashine iliyoharibika na mashine iliyozuiwa na aliyeitengeneza. Kiingereza cha kwenye kisanduku hukwepa tofauti hiyo kwa makusudi. Husema "mwisho wa maisha", kana kwamba ni amri ya Mungu. Fundi alisema "imefungwa", na neno hilo linatosha. Lingeanza kuandikwa katika kamusi za teknolojia kwa maana hiyo, mnunuzi angekuwa na namna ya kulalamika.

Nao wakati unazidi kuwabana wenye mashine kuukuu. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 7 Januari 14, 2020, kisha Windows 10 Oktoba 14, 2025, na vipakatalishi vingi vilivyoingizwa nchini vikiwa vimetumika ng'ambo havikidhi masharti ya Windows 11. Kila zamu kama hiyo ikipita, kuna printa, skana na mizani ambazo mtengenezaji wake haoni faida ya kuziandikia dereva mpya. Si ajabu kukuta katika kibanda tarakilishi moja kongwe iliyowekwa pembeni, isiyounganishwa na mtandao, ambayo kazi yake pekee ni kuiendesha skana ambayo dereva wake hakuandikiwa mrithi. Faili hupelekwa na kuletwa kwa flashi. Juu ya kioo hubandikwa karatasi: USIZIME, USISASISHE.

Kinachohitajika hakizidi uwezo wa nchi. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidi bidhaa hizo kikamilifu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ipo. Printa iliyo na hesabu ya siri ya kuizima, na ambayo boksi lake halisemi neno kuhusu hesabu hiyo, haiwezi kusemwa kuwa imeuzwa pamoja na taarifa zinazohitajika. Wafaransa walitangulia mwaka 2015 kwa kulifanya kosa la jinai tendo la kufupisha maisha ya bidhaa kwa makusudi, na Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 agizo kuhusu haki ya kutengeneza linalowakataza watengenezaji wa bidhaa kadhaa, kama simu na mashine za kufulia, kutumia mbinu za programu kuzuia matengenezo bila sababu ya haki. Kenya haina haja ya kungoja kuigwa kwa agizo hilo neno kwa neno. Mtengenezaji anapoacha kukihudumia kifaa, aache na ufunguo: achapishe amri za dereva na programu ya kurudisha hesabu, ili fundi wa Nyeri asilazimike kuokota ya wezi.

Yupo atakayesema kwamba soko la Kenya ni dogo mno kumtikisa mtengenezaji wa Japani au Marekani. Pengine, kwa mnunuzi mmoja mmoja. Lakini vibanda havinunui peke yake. Serikali za kaunti za Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Embu, Meru na Tharaka-Nithi hununua printa za hospitali, za ofisi za ardhi na za wadi. Vyuo vikuu vya Karatina, Chuka na Dedan Kimathi hununua za maabara na za idara. Manunuzi hayo hupitia zabuni chini ya sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, na zabuni huwa na masharti. Sharti moja liongezwe: muuzaji aeleze kwa Kiswahili na Kiingereza kila kizuizi kilichomo katika dereva na katika programu ya ndani ya mashine, muda ambao kitahudumiwa, na namna ya kukiondoa muda huo ukiisha. Anayetaka kuuza printa mia mbili kwa mkupuo atalisoma sharti hilo hadi mwisho, hata likitangulizwa kwa Kiswahili.